Vumbi na Ufagio: Kijana, Imani na Kambi katika In the House of the Interpreter ya Ngũgĩ wa Thiong'o

Utangulizi

Tawasifu ya pili ya Ngũgĩ wa Thiong'o, In the House of the Interpreter, ilichapishwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya Dreams in a Time of War na miaka minne kabla ya Birth of a Dream Weaver. Ndiyo ya kati katika mfululizo wa vitabu vitatu vya maisha yake ya awali. Inashughulikia kipindi kifupi: miaka minne ya shule ya bweni, 1955 hadi 1958, pamoja na miezi michache ya mwaka 1959 kabla ya msimulizi kwenda Chuo Kikuu cha Makerere. Kijana anaingia Alliance High School, Kikuyu, akiwa na umri wa miaka 17, wakati vita vya Mau Mau vimepamba moto na Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 imetimiza zaidi ya miaka miwili.

Kitabu hiki huelekea kusomwa kwa namna mbili zinazopingana. Ya kwanza hukiona kuwa hadithi ya kuokoka: mtoto wa maskini aliyepata hifadhi ya Kikristo huku nje kukiteketea. Ya pili hukiona kuwa hadithi ya kupotezwa: kijana aliyenyang'anywa lugha na watu wake, kisa cha kuthibitisha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kila mojawapo ya namna hizi ina ushahidi katika matini. Hata hivyo, zote mbili zina kasoro moja. Zinaichukulia shule kama mahali palipotengwa kabisa na vita, pawe pema au paovu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba tawasifu yenyewe haikubali utengano huo. Hoja ya msingi ni kuwa shule, kijiji cha dharura na kizuizi vinasimama katika kitabu hiki kama kambi tatu zenye usanifu mmoja, na kwamba mvuto na uchungu wa masimulizi hutokana na kijana kugundua ujirani huo polepole, akiwa bado anaipenda kambi iliyomlea.

Usuli: Kambi Tatu

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kukumbuka jinsi neno kambi lilivyotawala maisha ya Mkoa wa Kati katika miaka hiyo. Baada ya msako mkubwa uliofanywa Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, ambao wakoloni waliuita Anvil, makumi ya maelfu ya watu walipelekwa katika vizuizi kama Manyani na Mackinnon Road. Kati ya mwaka 1954 na 1955, watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika vilimani na kupangwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikizungushiwa handaki na miba na kulindwa na ngati, yaani askari wa nyumbani. Hizo ni kambi mbili za kwanza.

Ya tatu ni kambi ya vijana. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilianzisha Wamumu, katika eneo la Embu, kwa ajili ya wavulana waliokamatwa kwa kuhusishwa na Mau Mau. Humo walipewa sare, wakafundishwa kusoma, kupiga gwaride, kucheza michezo, kusali na kufuata nidhamu ya kiskauti. Geoffrey Griffin, aliyehusika na uendeshaji wa kambi hiyo, ndiye aliyeanzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Njia iliyotoka kwenye uzio wa kizuizi hadi kwenye lango la shule ilikuwa fupi.

Imani ya Kikristo haikuwa nje ya mfumo huu. Katika kizuizi cha Athi River, mafundisho ya dini na ya vuguvugu la kuamsha maadili yalitumiwa kama nyenzo ya kuwafanya wafungwa waungame na kukana kiapo. Josiah Mwangi Kariuki katika 'Mau Mau' Detainee (1963) na Gakaara wa Wanjaũ katika shajara yake ya kizuizini, iliyotolewa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1983, wameacha ushahidi wa maisha ya vizuizini kwa upande wa watu wazima. Tawasifu ya Ngũgĩ inajazia upande wa kijana ambaye hakuwahi kufungwa katika miaka hiyo, ila aliishi mahali ambapo kengele, sare, sala na ukaguzi vilipanga kila saa ya siku.

Kurudi Pasipo Pa Kurudia

Kitabu kinafunguka Aprili 1955. Muhula wa kwanza umekwisha na mwanafunzi anarudi nyumbani likizoni. Anafika penye kilima na kukuta nyumba ya mama yake haipo, wala za majirani. Kijiji kizima kimebomolewa na watu wamehamishiwa Kamĩrĩĩthũ, kandokando ya kituo cha ngati. Msimulizi wa tukio hili anatumia wakati uliopo. Uteuzi huo si pambo. Wakati uliopita ungempa msomaji faraja ya kujua kwamba mambo haya yalikwisha na kwamba aliyeyapitia yu salama mahali fulani akiyakumbuka. Wakati uliopo unamweka msomaji juu ya kilima pamoja na kijana asiyejua alale wapi usiku huo.

Umuhimu wa mwanzo huu katika muundo wa kitabu ni mkubwa. Kwa desturi, tawasifu ya elimu huanza kwa kuondoka: mtoto anaiaga familia, anavuka mto au mlima, anaingia shuleni. Hapa mwandishi anaanza kwa kurudi. Shule ilikwisha kuwa kwake kwa muda wa muhula mmoja. Nyumbani ndiko kunakokuwa ugenini. Kinaya kinachojitokeza ni kikali. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini kijana huyu hana ngama. Kutoka siku hiyo, bweni la Alliance ndilo pekee lenye kitanda kisichohamishwa. Anaelekea kuipenda shule kwa sababu mkono uleule wa dola uliobomoa nyumba ya mama yake umemwachia paa moja tu.

Hapa ndipo usomaji wa kwanza, ule wa hifadhi, unapoanza kupwaya. Hifadhi ya kweli humwepusha mtu na hatari iliyotoka kwingine. Hifadhi hii inatokana na utawala uleule unaoleta hatari. Hata hivyo, usomaji wa pili nao haupati nafasi ya kujitangazia ushindi, kwa sababu kijana hakuchagua shule dhidi ya nyumbani. Nyumbani kulikwisha kuondolewa asipokuwapo. Hakuna uasi wa asili pale ambapo asili imesawazishwa na ardhi.

Jazanda ya Vumbi

Anwani ya kitabu imetokana na John Bunyan, ambaye kazi yake ya mwaka 1678 kuhusu safari ya Mkristo ilienea sana katika shule za misheni za Afrika Mashariki. Katika kazi hiyo msafiri anafika nyumba ya Mfasiri na kuonyeshwa sebule iliyojaa vumbi. Mtu mmoja anaanza kufagia, na vumbi linatimka hadi msafiri anakaribia kupaliwa. Ndipo msichana anapoitwa anyunyize maji, na sebule ikasafika. Mfasiri anaeleza kuwa sebule ni moyo, vumbi ni dhambi ya asili, mfagiaji ni Sheria na maji ni Injili. Mkuu wa Alliance, Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza shule hiyo kuanzia mwaka 1940 hadi 1962, aliifananisha shule yake na nyumba hiyo: wavulana waje na vumbi la ulimwengu, nalo lisafishwe kwa nidhamu na kwa moyo wa huduma ya Kikristo.

Ngũgĩ anaichukua jazanda hii na kuiweka kwenye kilele cha kitabu bila kuidhihaki waziwazi. Anachofanya ni kuiacha ifanye kazi katika mazingira ambayo mhubiri wake hakuyakusudia. Msomaji anapokutana na habari za vumbi na ufagio, amekwisha kuona vumbi la aina nyingine: lile la kuta za udongo zilizobomolewa Aprili 1955. Mamlaka ya kikoloni nayo ilikuwa na ufagio wake. Ilifagia Nairobi, ikafagia vilima, ikawachuja watu mmoja mmoja mbele ya makachero waliofunikwa nyuso. Kwa hiyo jazanda moja inatumika ndani ya uzio kwa maana ya utakaso wa roho, na nje ya uzio kwa maana ya kuwaondoa watu. Bunyan mwenyewe aliwahi kuonya, ndani ya jazanda hiyohiyo, kwamba Sheria peke yake huamsha vumbi hadi likapalia watu. Swali linaloachwa wazi na tawasifu ni iwapo maji yaliwahi kunyunyizwa.

Kuna maana nyingine iliyofichika katika anwani. Mfasiri ni mfafanuzi wa mafumbo, lakini pia ni mkalimani. Wakati wa Hali ya Hatari mkalimani alikuwa mtu wa kuogofya: alisimama kati ya afisa Mzungu na mkulima aliyekuwa akihojiwa, na neno lake lingeweza kumpeleka mtu kizuizini. Wavulana wa Alliance walikuwa wakiandaliwa kuwa tabaka la wakalimani, watu wa kutafsiri utawala kwa waliotawaliwa. Kitabu kinaweza kusomwa kama historia ya mkalimani mmoja aliyekataa kutafsiri kwa upande uliomfundisha.

Uzio na Mbwa Langoni

Taswira inayorudiarudia katika masimulizi ni ya mbwa wa kuwinda walioko nje ya lango la shule. Kijana ana ndugu, Wallace Mwangi, aliyekimbilia msituni kujiunga na wapiganaji. Kila gari la polisi linaloingia uwanjani lingeweza kuwa limekuja kumtafuta yeye. Hofu hii inatia giza katika shughuli zote zinazosimuliwa kwa furaha: chesi, midahalo, ibada za asubuhi, uskauti, na tamthilia za Shakespeare zilizoigizwa kila mwaka. Mathalani, uskauti unadai kiapo cha utiifu kwa Mungu na kwa Malkia, wakati ambapo watu wa kijiji chake wanapigwa kwa tuhuma ya kula kiapo kingine. Mwanzilishi wa mwendo huo, Robert Baden-Powell, aliyefariki mwaka 1941, amezikwa Nyeri, chini ya mlima uleule uliokuwa ngome ya wapiganaji. Jiografia ya vita iliviweka viapo viwili bega kwa bega.

Katika sehemu inayohusu migogoro ya kiroho, kijana anavutwa na kundi la wanafunzi wa uamsho na kwa kipindi fulani anaishika imani kwa bidii. Hapa pana mojawapo ya sehemu nzuri za kitabu, na pia mojawapo ya udhaifu wake. Uzuri unatokana na kwamba mwandishi hakatai kuwa imani ile ilikuwa na joto la kweli. Kwa kijana ambaye kijiji chake kimegeuzwa kambi, undugu wa waliookoka ulimpa jamaa isiyoulizwa hati wala kabila. Udhaifu unatokana na upesi wa kuondoka. Msimulizi mzee, aliyekwisha kujitenga hadharani na Kanisa mwaka 1970 na kuliacha jina la James, anamsindikiza kijana nje ya imani kwa tabasamu la mtu anayejua mwisho wa hadithi. Msomaji angependa kukaa zaidi ndani ya sala ya mvulana huyo, kujua alimwombea nani usiku: ndugu aliye msituni, au askari wanaomwinda? Swali hilo lina uzito wa kimaadili kuliko mengi ya maswali ya kisiasa ambayo kitabu kinayajibu kirefu.

Tukio linalofidia pengo hilo ni dogo kwa ukubwa. Mwaka 1957 jarida la shule lilichapisha kisimulizi cha mwanafunzi huyo kwa anwani I Try Witchcraft. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona maandishi yake yamechapwa. Lakini mkono wa uhariri ulikuwa umepita, na kisa cha utotoni chenye mzaha kikageuka kuwa ushuhuda wa kuusifu Ukristo. Hapa ufagio umefikia sentensi. Mwandishi chipukizi anafurahi kuona jina lake, na papo hapo anaona kwamba sauti iliyo chini ya jina hilo si yake yote. Katika ukurasa huo mmoja msomaji anauona uhusiano mzima wa kijana na kambi: imempa kalamu, na imeshika mkono wake anapoandika.

Bunilizi Ilijua Zaidi

Tawasifu hii haiwezi kuhakikiwa vyema bila kurejelea Weep Not, Child (1964). Katika riwaya hiyo Njoroge anafika Siriana, shule ya misheni yenye amani inayofanana sana na Alliance, chini ya mkuu Mzungu mwadilifu anayeamini kwamba mema yote hutoka kwa mtu mweupe. Askari wanafika shuleni humo, wanamtoa Njoroge na kumpeleka kuteswa. Masomo yake yanaishia hapo. Mwandishi mwenyewe hakupatwa na hayo. Alimaliza miaka yake minne, akafaulu mtihani, akatoka langoni kwa miguu yake Desemba 1958.

Tofauti hii inafundisha jambo kuhusu tanzu mbili. Riwaya iliyoandikwa ujanani inavunja uzio, kwa sababu inasimulia hofu. Tawasifu iliyoandikwa uzeeni inauacha uzio umesimama, kwa sababu inasimulia yaliyotukia. Anayesoma tawasifu peke yake anaweza kudhani kwamba shule ilimlinda kijana. Anayesoma vitabu vyote viwili anatambua kwamba kijana hakuamini ulinzi huo hata siku moja. Alikwisha kuandika ukatili wa kuutoweka kabla hajafikisha miaka 27.

Uhusiano wa vitabu hivi unaonekana zaidi katika suala la hati. Katika riwaya, mwalimu Isaka, Mkristo mpole, anasimamishwa na askari akiwa njiani na waumini wenzake. Hana hati mfukoni. Anachukuliwa msituni na kuuawa, na wokovu wake haumsaidii kitu. Katika sehemu ya mwisho ya tawasifu, mwaka 1959, kijana aliyekwisha kuwa mwalimu na anayesubiri kwenda Makerere anashushwa katika basi kwa kukosa karatasi za kodi, anatiwa rumande na kushtakiwa kwamba alipinga kukamatwa. Anajitetea mwenyewe kortini, anamhoji askari aliyetoa ushahidi dhidi yake, na anaachiliwa. Mbwa waliokuwa wakisubiri langoni wamemfikia mara tu alipovuka lango. Anachotumia kujiokoa ni maneno, ufasaha uleule alioupata ndani ya nyumba ya Mfasiri. Isaka alikuwa na sala; kijana ana hoja. Kwamba mmoja anakufa na mwingine anaachiliwa si hukumu dhidi ya imani. Ni kumbukumbu kwamba wengi wa walioshushwa katika mabasi wakati ule hawakuwa na Kiingereza cha kujibia.

Suala la Lugha

Hapo ndipo linapozuka suala ambalo wahakiki wa Kiswahili hawawezi kulikwepa. Mwandishi wa Decolonising the Mind (1986), aliyeuaga Uandishi wa Kiingereza hadharani na kuandika riwaya zake za baadaye kwa Kigĩkũyũ, aliandika tawasifu hizi kwa Kiingereza. Wapo watakaoona hapa usaliti wa msimamo. Makala haya yanaona kwamba kuna gharama kubwa, ingawa si usaliti. Sehemu za shuleni zinafaidika na Kiingereza, kwa kuwa mambo yenyewe yalisemwa kwa lugha hiyo. Sehemu za kijijini zinapoteza. Mama wa msimulizi, mwanamke aliyejenga upya nyumba kwa mikono yake kwenye mstari uliopimwa na askari, anazungumza machache na kwa ufupi wa tafsiri. Wanawake wa Kamĩrĩĩthũ, waliobeba mzigo wa kuchimba handaki na kuishi chini ya amri ya kutotoka nje, wanaonekana zaidi kuliko wanavyosikika. Katika kitabu kinachoitwa kwa jina la mfasiri, hao ndio ambao hawakupata mfasiri wa kuwatosha. Riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi Bila Msalaba (1969), japo ni nyepesi kifani, ina faida moja: watu wake wa kijijini wanagombana, wanatubu na kufa katika lugha ambayo mkulima wa Kiafrika angeweza kuisoma pasipo mkalimani.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba In the House of the Interpreter si hadithi ya hifadhi wala ya upotevu. Ni hadithi ya kijana aliyelelewa kwa upendo wa kweli na nidhamu ya kweli ndani ya uzio uliokuwa sehemu ya vita alivyodhani ameviacha nje. Ukubwa wa kitabu ni kukataa kumfanya Carey Francis shetani au mtakatifu, na kukataa kumcheka mvulana aliyepiga magoti. Upungufu wake ni kumwinua mvulana huyo upesi mno.

Historia iliongeza sura ambayo kitabu hiki hakikuhitaji kuiandika. Kamĩrĩĩthũ, kambi iliyomeza nyumba ya mama yake mwaka 1955, ndiko mwandishi alikorudi katika miaka ya sabini na kushirikiana na wakulima na wafanyakazi kuigiza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Tarehe 31 Desemba mwaka huo alitiwa kizuizini na serikali ya Kenya huru, na mwaka 1982 jumba la maonyesho la wanakijiji likabomolewa. Aliyeiona nyumba ya kwanza ikiwa vumbi alipokuwa na miaka 17 aliishi hadi kuona ya pili ikisawazishwa, safari hii na watu wa kwao. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025. Aliyoyaacha kuhusu miaka ile ya bweni yanawadai wasomaji wake wajiulize, kila wanapoambiwa kwamba mahali fulani panafagiliwa kwa wema, ni nani aliye na ufagio mkononi, na vumbi linamwangukia nani.